Jina la Muuaji Ukurasa wa Kwanza

Harufu ya krayo iliyochongwa sasa hivi hunipandisha hasira mpaka leo. Krayo ndivyo tulivyoita penseli kule Buyenzi nilikozaliwa, na watoto wangu wakianza kuchonga za kwao mezani huwa nawafukuza wakachongee nje. Wanadhani nachukia uchafu. Waache wadhani hivyo. Nyinyi nitawaambia ukweli, maana kisasi hiki nimekaa nacho kimya miaka mingi, na kukisimulia ndiyo sehemu tamu iliyobaki.

Maktaba yetu ilikuwa mtaa wa Asiatique, ghorofani juu ya duka la vitenge, chumba kimoja chenye feni iliyolia kuliko ilivyopuliza. Kwa macho yetu watoto, mwenye maktaba alikuwa Mama Zaituni, mwanamke mfupi mwenye mtandio mweupe, miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya chini ambayo hata watu wazima waliitii. Kumbe alikuwa mwajiriwa tu. Juu yake palikuwa na kamati ya wasomaji, na juu ya kamati alikaa Monsieur Gaspard, mwalimu mstaafu aliyeshuka kutoka kilimani Gihosha kila Jumamosi, viatu viking'aa kana kwamba njiani hakuna vumbi.

Mimi nilikuwa mlevi wa riwaya za upelelezi. Mama yangu aliuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, aliowafuata ziwani Ruziba alfajiri, na kitabu pekee nyumbani kilikuwa Biblia ya marehemu baba. Kadi ya maktaba ndiyo iliyokuwa mali yangu. Nililala nayo chini ya mto.

Basi mwaka ule shetani mmoja akaanza mchezo wake. Ukifungua riwaya ya upelelezi, pembeni mwa ukurasa wa kwanza unakuta jina la muuaji, limeandikwa kwa krayo. Jina tu, bila neno jingine. Kitabu kizima kinakuwa chakula ambacho mtu mwingine ameshakitafuna. Wasomaji walilalamika, wakataka mkosaji atafutwe.

Jumamosi moja, mbele ya wasomaji wote, Monsieur Gaspard alisimama na kimoja cha vitabu vile akaniita mbele. Nilidhani napewa zawadi. "Hizi vitabu zote," akasema, "ni huyu mutoto alizibeba." Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa nimeviazima vyote. Kisha akakiinua kitabu hadi puani, akafumba macho, akampa jirani yake. "Munuse. Ni ndagala."

Watu wakanusa. Kitabu kikapita mkono kwa mkono, kicheko kikikifuata, mpaka mwanamke mmoja mnene akaomba kunusa na vidole vyangu, nami kwa ujinga wangu nikampa.

"Mi sijaandika kitu," nilisema. Hakuna aliyenisikia. Mama Zaituni alichukua kadi yangu, akaitia kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo. "Rudi nyumbani, mutoto wangu," akaniambia bila kunitazama. Siku ile nilimchukia kuliko hata Monsieur Gaspard.

Nyumbani mama hakunipiga. Alikata ndimu, akanisugua vidole kimoja kimoja, kisha akageukia vya kwake, akavisugua kwa nguvu mpaka nikamwomba aache. Hapo ndipo hasira yangu ilipoacha kuwa ya kitoto. Nilitaka Monsieur Gaspard alie. Nilimwombea jipu, nilimwombea tumbo la kuhara katikati ya misa, na niliomba kwa moyo wote.

Nilipoona Mungu anachelewa, nikatia ndagala kwenye sashe, mfuko wa plastiki, nikamwaga maji ndani, nikauficha juani nyuma ya choo mpaka ukavimba. Jumamosi nikaenda nao Asiatique. Pikipiki ya Monsieur Gaspard ilikuwa uani, na kofia yake ya pikipiki imewekwa juu ya kiti. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kufungua fundo, mkono ukanishika sikio. Ni Mama Zaituni.

"Unataka azibe pua kidogo, ao unataka asisahau?"

Nikamwambia nataka asisahau.

"Basi funga ile sashe, inanuka mubaya. Njo."

Wiki ile nzima, kila nikitoka shule, alinificha kwenye stoo ya maktaba, kati ya maboksi, na riwaya mpya ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Nilipoimaliza akaniuliza, "Muuaji ni nani?"

"Daktari wa meno."

Akachukua krayo, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa: mtunza bustani. Nilishtuka. Huyu ni mtu aliyetufokea kwa kukunja tu kona ya ukurasa.

"Mama, lakini si ye!"

"Najua," akasema, akipuliza unga wa krayo. "Ila iko mutu mumoja hapa hawezi kuvumilia kosa."

Vitabu vipya vilianzia kwa Monsieur Gaspard, ndiyo ilikuwa heshima ya mwenyekiti. Akakichukua Jumamosi ile, akakirudisha iliyofuata. Watu walipokwisha kuketi, nami nikichungulia kwenye ufa wa mlango wa stoo, Mama Zaituni akamwomba kwa adabu, "Monsieur, mutusomee ukurasa ya kwanza."

Akafungua, akakifunga haraka. Mama Zaituni akakipokea taratibu na kukigeuzia watu. Jina la mtunza bustani lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka wa mwalimu, na chini yake: *Non! Le dentiste*, yaani hapana, daktari wa meno. Tena alikuwa amepiga mstari mara mbili.

"Ile ya kwanza niliandika mi mwenyewe," akasema Mama Zaituni. "Na kitabu haikutoka hapa isipokuwa kwenda kwake. Sasa ni nani alisahihisha?"

"Ilikuwa kosa," Monsieur Gaspard akanong'ona. "Nilitaka tu kuondoa ile kosa."

"Na ile majina ingine?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Neema, njo," Mama Zaituni akaniita. Alifungua droo, akanipa kadi yangu mbele ya wote, kisha akamgeukia. "Sasa, Monsieur, munuse mukono yenu."

Na alinusa! Sijui kwa nini, lakini aliuinua mkono wake akanusa, na yule mwanamke mnene ndiye aliyecheka wa kwanza. Kamati hakuikanyaga tena. Na ule mfuko je? Mama Zaituni alinikataza kuufungua. Hakunikataza kuutundika kwenye usukani wa pikipiki.

Mwaka jana niliandika riwaya yangu mwenyewe, ya msimamizi wa maktaba anayepeleleza mauaji. Katikati nikakwama. Mpelelezi wangu alikuwa anahangaika kutambua mwandiko, nikajiuliza Mama Zaituni aliutambuaje ule wa Monsieur Gaspard, na ghafla nikauona ule ukuta wa ngazini kule Asiatique. Kila wiki palikuwa na tangazo la kamati, limeandikwa kwa krayo na Monsieur Gaspard, na aliyelibandika alikuwa Mama Zaituni.

Nakala ya kwanza nilimpelekea Buyenzi. Ni mzee sasa, miwani bado ina uzi. Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua toka jina ya kwanza."

"Mbona basi ukaninyang'anya kadi? Mbona hukusema siku ileile?"

"Ningesema, angekataa. Mi wangenifukuza, na we ungebaki na ile jina mubaya. Tena ye alikunusisha mbele ya watu. Nilitaka alipe mbele ya watu."

Nikaukumbuka mkono uliofunga droo, mkono nilioulaani usiku kucha. Maisha yangu yote nimedhani alinisaidia kulipa kisasi changu. Kumbe kilikuwa chake, na alikianza kabla yangu, pale alipogeuza ufunguo bila kunitazama.

Nilitaka kumshukuru. Yeye akaomba krayo. Akafungua riwaya yangu, ukurasa wa kwanza, akaisogeza karibu na macho, na pembeni akaandika polepole: *Mwalimu*. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja, na hakukosea.