Karata ya Mfamaji

Kahawa ikianikwa juani hutoa harufu ya uchachu wenye utamu ndani yake, na mtu aliyekulia Karagwe hahitaji kuambiwa kwamba msimu umefika. Mwaka huu nilikuwa napita Bugene kwa bodaboda, harufu hiyo ikanipata kabla sijaona mkeka wowote, nikamwomba dereva asimame. Aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, ingawa kiganja changu cha kulia kilikuwa kimeanza kupata joto, kama kinavyofanya kila ninapokutana na harufu hiyo.

Enzi za utoto wetu, kazi yetu msimu wa kahawa ilikuwa kukaa kando ya mikeka, kufukuza kuku na kuyachunga mawingu. Ni kazi inayochosha kuliko kulima, maana mwenye jembe walau anaona alipofika. Ndiyo maana Rukia, binti wa mwenye duka jirani, alipotuletea boksi la karata, tulimpokea kama mgeni wa harusi. Watu wao asili yao ni Tanga, na mjomba wake ndiye aliyemtumia zawadi hiyo. Zilikuwa karata za maharamia, wezi wa baharini: wanaume wa jicho moja, makoti yenye vifungo vya dhahabu, mmoja ana mguu wa mti. Bibi yangu alizitazama moja moja, akauliza, "Sasa huyu mwizi wa mguu wa mti, akifukuzwa anakimbiaje?" Mpaka leo naona lilikuwa swali la maana.

Maelezo ya mchezo yaliandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuitambua, kwa hiyo sheria alizitunga Rukia, na hakimu akawa yeye huyo huyo. Tulicheza wawili kwa wawili. Kila karata ilikuwa na kipande cha ramani ya kisiwa. Mnavuta kwa zamu, mnaunganisha njia na njia, mto na mto, mpaka meli ifike kwenye sanduku la hazina, na timu inayotangulia ndiyo mshindi. Lakini humo ndani kulikuwa na karata ya Mfamaji, mtu aliyelala chali chini ya maji, macho wazi, nywele zimetapakaa. Ukiivuta hiyo, marufuku kusema. Unaonyesha kwa kidole tu, hadi ramani itimie na mwenzako akuwekee kiganja kichwani aseme, "Mfamaji, toka majini, useme." Hapo ni lazima utaje ulichokiona huko chini. Usipotaja, mmeshindwa, hata kama hazina mmeshaifikia.

Mimi nilicheza na Koku. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo, aliyefariki ghafla kwake Bugomora wakati mumewe yuko safarini. Jirani aliwakuta jioni: mama kitandani, mtoto amekaa sakafuni pembeni yake, kimya. Baada ya mazishi aliletwa kwetu, na tangu jioni ile hakusema neno. Alikula, alicheka bila sauti, alifukuza kuku kwa kupiga makofi. Kina mama wa kanisani walimwombea. Zahanati walimwangalia koo wakasema halina kitu. Mama yake Rukia alipenda methali, akawa anasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," nami niliyelala naye kitanda kimoja nikawa nauogopa huo mshindo. Asubuhi nyingi nilifumbua macho nikamkuta ameshaamka, amekaa, ananitazama midomo kama anayesubiri nimwambie kitu.

Kwenye karata hakuwa na mpinzani. Jicho lake liliona kipande kinakokwenda kabla sisi hatujamaliza kubishana. Ikimwangukia karata ya Mfamaji, Rukia aliniruhusu niyaruke yale maneno ya kumtoa majini, nimsemee tu, nami nilitaja chochote: papa, nanga, sahani ya sultani.

Kisha shangazi yake, dada wa baba, akatuma habari kwamba Jumamosi anakuja kumchukua. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na huko Kyerwa alimjua mtu wa kukikata. Mama alipinga, lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na neno la mama halikuwa na uzito. Nilishawahi kumwona mtoto aliyekatwa kimeo. Alikuwa anatema damu kwenye jani la mgomba, hawezi hata kulia. Sikumwambia Koku, lakini nadhani alijua.

Jumamosi shangazi akafika, bodaboda inamsubiri barabarani. "Shikamoo, shangazi," tukasema. "Marahaba. Mfungieni nguo zake," akajibu, akaingia ndani. Mama alimwekea kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni kabla ya maneno yoyote, na nilijua anavuta muda. Sisi tulibaki kando ya mkeka na Rukia na kaka yake Sudi. Tulicheza kwa sababu hatukujua la kufanya.

Koku alivuta Mfamaji. Tukaunganisha, naye akionyesha kwa kidole, mpaka meli yetu ikagusa sanduku. Nilipofungua mdomo nimsemee, Sudi akafunika karata kwa mikono. "Leo aseme mwenyewe! Kila siku mnatushinda kwa kuonewa huruma."

Rukia alitazama kifurushi cha nguo pale mlangoni. "Sudi, acha," akasema. Sudi hakuacha.

Nilishikwa na hasira. Nikamwekea Koku kiganja kichwani, nywele zake zimepata moto kwa jua, nikasema maneno yote kwa sauti kubwa ili Sudi asipate pa kushika: "Mfamaji, toka majini, useme!"

Koku aliniangalia midomo.

"Tayari?" akauliza.

Sauti ilikuwa kavu, inakwaruza. "Tayari," nikasema.

"Mama ameamka?"

Mama yangu alikuwa ameshatoka nje, shangazi nyuma yake. Mama alichuchumaa mbele ya Koku. "Hakuamka, mwanangu. Mama yako amekufa." Hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia hivyo, wote walikuwa wakimzungusha, mara amepumzika, mara yuko kwa Mungu. Koku akalia. Alilia kwa sauti iliyosikika kibanja kizima, hadi mwisho wa migomba, na shangazi akakaa chini, juu ya kahawa yenyewe, akalia naye. Alasiri aliondoka peke yake, na habari ya kimeo hatukuisikia tena.

Watu walishangilia. Kanisani walitoa shukrani, mama yake Rukia akatuletea sambusa. Mkono wangu ulisifiwa, nami nikauogopa. Kwa miaka niliamini kuna mfu kweli aliyetoka majini siku ile akapita kwenye koo la Koku, na hizo karata sikuzigusa tena.

Koku sasa ni fundi cherehani Kayanga, na mdomo wake haupumziki, wateja humtania kwamba nguo huzishona kwa ulimi. Siku ile niliyomsimamisha dereva pale Bugene, nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamuuliza nilichoshindwa kumuuliza miaka yote, kwa nini alinyamaza. Alisimamisha cherehani.

"Mama alisema kichwa kinamuuma," akaniambia. "Akasema, 'Nyamaza kidogo, Koku, nilale. Nikiamka nitakwambia useme.'"

"Hukujua kwamba amekufa?"

"Nilijua. Niliona wakimfukia." Alikata uzi kwa meno. "Lakini mama alikuwa hajawahi kunidanganya. Nikinyamaza, bado alikuwa na neno la kuja kuniambia. Halafu ukalisema wewe, nikajua amekutuma."

Hakulisema kwa lawama. Aliniuliza kama nitakunywa chai, akamtuma jirani maandazi. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, hata kwenye harusi yake, nikikiita siku tuliyompata Koku. Kumbe kwake ndiyo siku aliyozikwa mama yake, na aliyempelekea msiba ni mimi, mtoto aliyekuwa anataka tu kumshinda Sudi.