Wanalaumu guta la umeme, ila betri niliitoa mimi

Admin naomba usiweke jina langu wala la kijiji. Mimi ni mama wa miaka 38, mjane, watoto watatu, naishi upande wa Kasulu. Kazi yangu ni vibarua, kulima mashamba ya watu. Shule niliishia la nne kwa hiyo nikikosea mtanivumilia. Natumia simu ya binti yangu mkubwa, tumuite Neema, akirudi shule nafuta.

Mume wangu alikuwa na guta la kubebea mizigo. La kwanza lilikuwa la petroli. Lile lilikula hela jamani. Akipeleka mzigo mjini, nusu ya alichopata inarudi kwenye tenki. Ila lilikuwa na uzuri wake, likikata mafuta njiani huhangaiki, kila genge wana petroli kwenye chupa za maji, unamimina unaondoka. Rafiki yake mmoja fundi wa hapa kijijini akamshawishi achukue la umeme. Kweli tulipumua. Unalichaji usiku, asubuhi linakwenda mjini na kurudi, na umeme wake haufiki hata bei ya lita moja ya petroli. Oil hamna. Ubaya wake ni mmoja, chaji ikiisha imeisha. Hakuna anayeuza umeme kwenye chupa.

Jumapili moja ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya ya kanisa nyumbani. Mume wangu alikwenda msibani kijiji cha pili kwa miguu, guta akaliacha limejaa chaji. Umeme ulikatika tangu asubuhi, spika ya kwaya haiwaki. Mama mmoja akaanza, "Mama Neema, hilo guta lenu linapita kimya kama mchawi, sisi tutajuaje kama ni zima?" Wakacheka wote. Mimi ikaniuma. Nikawaambia subirini muone.

Chini ya kiti zipo betri tano, kila moja kama ya gari. Huku kwetu watu wanawashia redio na taa kwa betri miaka yote. Nikafungua moja kwa koleo, nikaunga spika. Iliimba mpaka jua likazama. Tulicheza siku ile. Watu walipoondoka nikairudisha nikakaza nati, mume wangu hajarudi. Sikujua kwamba moja ikifa inazivuta na zile nne. Naapa sikujua.

Asubuhi umeme bado haujarudi. Akawasha guta, akaangalia vijiti vya chaji. Akaniita, "Mama Neema, nililiacha na vijiti vitano. Mbona leo vitatu?"

Hapo ndipo ningesema. Hakuwa mtu wa kunipiga, hajawahi. Niliona aibu tu. Nikamjibu, "Labda ni baridi." Na kweli ukungu ulikuwa mzito. Akacheka, akasema, "Basi nalo linataka blanketi." Akapakia magunia ya maharage akaondoka. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Lilizima kwenye mlima kabla ya kufika mjini. Kijana anayeuza petroli pale chini alimtania, "Mzee nikuwekee chupa?" wakacheka. Alikuja kutusimulia msibani huku analia. Mume wangu akaanza kusukuma peke yake na mzigo wote ule. Guta likamrudia kinyumenyume, likamponda. Hospitali hakufika.

Mama mkwe alilia mpaka sauti ikakauka, "Mwana wanje! Mwanangu! La petroli lingemfikisha!" Yule fundi alipokuja kuzika, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akamsimamia mlangoni, "Ondoka na umeme wako. Umemuua kaka." Fundi akavaa kofia yake akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye mkeka. Nikainama. Tangu siku hiyo hakuna anayempelekea kitu atengeneze, hata redio. Watoto wake wanazomewa kisimani. Na guta walimtupia yeye, hawataki kuliona.

Juzi mchana huyo fundi akaja kwangu. Hakukaa. Akaniambia, "Shemeji, nimezipima zile betri. Nne nzima. Moja imekufa, na nati zake zimekwanguliwa na koleo. Mimi nati sikazi kwa koleo."

Akaniangalia mikono.

Nikamuuliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nikisema watakufukuza hapa na watoto. Siwezi kumfanyia marehemu hivyo." Akasema Jumamosi anahamia Kibondo na familia yake, huko hawamjui, ataanza upya. Akaniaga vizuri kabisa. Bora angenitukana.

Sasa ndugu zangu, nyumba na shamba ni vya ukoo wa mume wangu. Mama mkwe kila asubuhi ananiletea uji, ananiambia, "Mwanangu sasa ni wewe." Uji wenyewe nawapa watoto. Nikisema, nitampoteza huyu mama, na watoto wangu sijui watalala wapi. Neema naye atajua ni mimi. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anafungasha vyombo vyake kwa ajili yangu, na watoto wake watakua wanaambiwa baba yao aliua.

Kila kukiwa na ukungu nakaa mlangoni. Namsikia anauliza, mbona leo vitatu. Namjibu sasa. Namwambia yote. Hanisikii.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nyie mliosoma, nyie wenye umri, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niende kwa mama mkwe nikaseme, au nimuache fundi aondoke?

Leo ni Alhamisi.