Wastani Haukai Benchi la Nyuma

Saa moja na robo asubuhi, fundi anaziba mlango wa stoo kwa godoro kuukuu ili kelele za barabarani zisiingie. Anaweka spika juu ya kiti, anarudi nyuma mita moja, anaelekeza maikrofoni ya kupimia ukubwa wa sauti. Desibeli 88. Anaandika. Ya pili, 87. Ya tatu, 79.

"Nilijua," anasema.

Spika hizi sitini ni za korido za hospitali, za kuita wagonjwa. Muuzaji ameleta karatasi yenye namba moja tu: wastani, 84. Mkataba nao unataka 84.

"Namba ikinyooka hivyo, mimi humtafuta aliyeinyoosha."

Ya nne inatoa 89, ya tano 77. Anajumlisha, anagawa kwa tano. Inakuja 84 kamili.

Meneja wake anachungulia, tai shingoni. "Si umeona, mama? Umepima mwenyewe, imefika. Tia saini tukanywe chai."

"Bosi, tuchanganye mshahara wako na malipo yangu, tugawe kwa mbili. Kwa wastani mimi tajiri."

Meneja hacheki.

Mama huyu aliishia darasa la saba. Ufundi aliuokota kwenye redio mbovu, miaka ishirini na miwili sasa. Analipwa kwa kila mzigo unaofaulu kipimo. Ukikataliwa, anarudi kwake mikono mitupu. Aliyebuni utaratibu huo alijua anachokitafuta.

Na yeye hajasahau. Miaka sita iliyopita alisaini karatasi kama hii, yenye wastani mzuri tu. Dada yake akaenda hospitali iliyofungwa spika zile, ana uvimbe shingoni, akakaa benchi la nyuma. Jina likaitwa mara tatu. Hakusikia. Nafasi akapewa mwingine, yeye akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

"Aliporudi, walisema tumechelewa," anasema, macho yakiwa kwenye kipimo. "Mgonjwa hasikii wastani. Anasikia ile spika iliyo juu ya kichwa chake, basi."

Anachukua kalamu ya wino mzito, anaandika 77 mgongoni mwa spika, kubwa. Ataandika zote sitini. Anachotaka ni fomu mpya, yenye kipimo cha kila spika, na ile ya chini kabisa iandikwe juu kabisa.

"Usiposaini Ijumaa," anasema meneja, "yupo atakayesaini."

"Asaini, bosi. Ila aandike pia mamake atakaa benchi gani."

Anainua ya sita.