Kaa wa Juu na Kaa wa Chini

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Wenzangu wakiutaja mwaka ule wanakumbuka bendera. Mimi nakumbuka mfereji. Baba alifariki miezi michache kabla ya Uhuru, nikiwa darasa la tatu. Arobaini ilipopita, wazee wa bonde letu, huku chini ya msitu wa Magamba, walimwambia mama kwamba nyumba isiyotoa mtu wa zamu mferejini haipati maji. Mama alikuwa na mabinti watatu wadogo na mimi. Nikaweka madaftari darini, nikachukua jembe la baba.

Zamu yenyewe ilikuwa kupambana na kaa. Watu wa pwani wakisikia kaa wanafikiria bahari. Sisi huku tuna kaa wa kijito, mweusi, ukubwa wa kiganja, anaishi chini ya mawe na kutoboa kingo za mifereji. Ukiamka asubuhi maji yote yamekimbilia kwa jirani, na jirani hasemi kitu. Unaziba kwa udongo mwekundu na magome ya mgomba, keshokutwa katoboa pembeni. Sisi Waislamu wa huku kaa hatumli, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kumjua, isipokuwa sisi tuliokuwa tunaingiza mikono mashimoni. Kidole changu kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki sawasawa mpaka leo.

Nilifanya zamu hiyo miaka kumi na zaidi. Azimio la Arusha lilishatangazwa, kila mtu ameshakuwa ndugu, na tuna shamba la ujamaa ambalo kila mtu alilipenda kwa mdomo, ndipo akaja mtaalamu kutoka chuoni. Alikuwa kijana wa bara, viatu vinang'aa, ana makarai ya bati, themomita na barua ya ofisi. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano, akasoma barua: anatakiwa mtu anayejua kaa. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, halafu wote wakageuka kunitazama.

"Umesoma hadi wapi, ndugu?" mtaalamu akaniuliza.

"La tatu."

"Na kaa unawajua?"

"Hao ndio walionitoa shule."

Akanichukua. Tukajenga banda la mbao ukingoni mwa msitu, maji ya kijito yakapitishwa ndani kwa mwanzi. Mbele ya mwenyekiti akasema kwamba kazi ikienda vizuri, baada ya mwaka banda litahitaji mhudumu wa kudumu, na mhudumu huyo ni mimi. Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na dada zangu wangesoma kuliko nilivyosoma mimi. Tangu hapo sikutaka kitu kingine.

Sasa swali lake. Kaa wa Mombo, chini tambarare, anaishi kwenye maji ya vuguvugu. Kaa wa kwetu anaishi kwenye maji ya kuuma mifupa. Ukiwaweka wote kwenye karai la maji ya moto kiasi, wa chini anatembea, wa juu analala chali. Hilo hata mama angemwambia bila themomita. Alichotaka kujua ni kwa nini. Je, wa chini anaweza kwa sababu amezoea, kama mtu anavyozoea pilipili, au kwa sababu amezaliwa hivyo, ameirithi kwa wazazi kama mtu anavyorithi pua? Nilimwambia ni kurithi. Akaniambia tusikimbilie majibu. Mtu ametoka chuoni juzi, ananifundisha mimi kutokimbilia majibu ya kaa.

Alihitaji kaa wengi wa Mombo. Nikamwambia nitawafuata mwenyewe, kidogo kidogo. Mwenyekiti akaingilia.

"Hapana, hii ni kazi ya kujenga taifa. Kila balozi wa nyumba kumi alete ndoo moja ya kaa wa Mombo kabla ya Ijumaa."

Nilijua pale pale kwamba tumekwisha. Ulikuwa wakati wa kupalilia maharage. Nani aache palizi ashuke Mombo kufuata mdudu asiyeliwa? Alhamisi asubuhi nikasikia vicheko mferejini kwetu, na Ijumaa baada ya swala ndoo zikapangwa mbele ya banda, zimejaa. Mtaalamu alifurahi kama amepata mtoto. Balozi mmojawapo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama.

"Shikamoo, mjomba. Hawa umewatoa Mombo?"

"Marahaba. Mombo kabisa, mjomba. Huoni jua lilivyonichoma?"

"Jana saa tatu nimekuona shambani unapalilia."

"Nilipita njia ya mkato."

Nikamwita mtaalamu pembeni. Nikamwonyesha kwamba kwenye maungio ya miguu ya kaa wale mna udongo mwekundu, udongo wetu wa mferejini, na kaa wa Mombo hubeba mchanga. Akasema udongo si ushahidi. Mwenyekiti alikuwa nyuma yetu, masikio yake marefu.

"Ndugu, unataka kusema wananchi wamemdanganya mtaalamu?"

"Nataka kusema wananchi hawajafika Mombo."

"Hiyo ni kauli ya kuvunja umoja."

Basi, nikanyamaza, na kunyamaza kule mpaka leo kunanikera kuliko yote. Wakawekwa kwenye makarai yaliyoandikwa CHINI, na wa kwetu kwenye yaliyoandikwa JUU. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, wametenganishwa na maandishi ya rangi ubavuni mwa karai.

Baada ya wiki kadhaa mtaalamu akapasha maji, akaingiza themomita, akakaa na daftari lake. Wa JUU wakalala chali. Wa CHINI nao wakalala chali. Akarudia. Wakalala tena. Akanigeukia mimi.

"Umechanganya makarai."

"Sijachanganya kitu. Hao wote ni wa mferejini."

"Kila siku wewe ndiye unayewahudumia. Kama si wewe ni nani? Mwisho wa mwezi tutaachana. Nitatafuta mtu makini."

Mtu makini. Mimi niliyewajua kaa wale mmoja mmoja.

Kesho yake alfajiri nikapanda lori la kabichi kwenda Mombo. Nikaingia kijitoni kwa siku mbili, nikachagua majike tu, tena wale wenye mayai. Hapa niseme jambo ambalo chuoni hawakumfundisha: kaa jike wa kijito hubeba mayai yake chini ya tumbo, kwenye kile kifuniko, na yakianguliwa huendelea kubeba vitoto humo mpaka vipate nguvu ya kujitembelea. Mtaalamu alikuwa ameniagiza nikisafirisha kaa niwatie kwenye ndoo ya maji. Ukifanya hivyo wanafia njiani, maji yanachoka nao wanakosa pumzi. Mimi niliwafunga mmoja mmoja kwenye jani bichi la mgomba, nikawapanga kwenye gunia la mkonge lililolowa. Kila mmoja nikamfunga mguu wa nyuma kwa uzi mweusi wa mama wa kushonea, asije mtu akasema nimewachanganya.

Kwenye basi la kurudi utingo akafungua gunia.

"Mzee, hawa nini?"

"Kaa. Na mimi si mzee."

"Hawa hawapandi gari langu. Mna mashehe humu ndani."

"Mashehe hawajaambiwa wawale."

Akanishusha hata hivyo. Nikapanda mlima kwa miguu, gunia kichwani, maji yananitiririka shingoni, nikipita Soni nikalilowesha tena mtoni. Nilifika bandani jioni ya pili. Wote wazima. Nilimwambia mtaalamu neno moja tu: "Hesabu nyuzi." Na kwa sababu bado alikuwa na wiki mbili kabla ya kunifukuza, na kwa sababu alikuwa hana kitu cha kuandika, akakubali kuanza upya. Mwisho wa mwezi ulipofika alinyamaza, nami nikaendelea na kazi.

Vitoto vilianguliwa na kukulia bandani, kwenye maji yaleyale ya baridi ya Magamba. Vya Mombo upande huu, vya majike wa mferejini kwetu upande ule, mama zao tumewatoa. Vya Mombo havikuwahi kuonja maji ya moto hata siku moja. Miezi ikapita. Siku ya kupasha maji mwenyekiti alikuwepo, na mjomba alikuwepo, amesimama mlangoni kama amepita tu.

Vya kwetu vikaanza kulala chali. Vya Mombo vikaendelea kutembea pembeni mwa karai, vinatafuta njia ya kutokea.

"Hayo si mazoea," nikasema. "Vingezoea lini?"

Mtaalamu hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama karai la kwetu. Humo, kati ya vyote vilivyolala, vitatu vilikuwa bado vinatembea. Akavitoa, akaviweka peke yake, na kwa mara ya kwanza akanieleza kitu kama mtu anayeongea na mwenzake. Alisema hata kwenye kaa wa baridi wapo wachache waliozaliwa na uwezo ule, ila haujulikani kwa kuwa hauhitajiki. Joto likija polepole, hao wachache ndio watakaozaa, na vizazi vikipita kijito kitajaa watoto wao. Joto likija kwa mkupuo, hata hao wachache hawapati muda, na kijito kinabaki mawe matupu.

"Na kitu gani kitaleta joto kwa mkupuo huku?" mwenyekiti akauliza.

"Kukata miti ya kingoni," mtaalamu akasema.

Mwaka uliofuata kijiji kikakata miti ya kingoni ili kupanua shamba la viazi la ujamaa. Nilisema mkutanoni. Niliambiwa nimekuwa mtaalamu.

Mjomba, siku ile pale mlangoni, alinisogelea akaniuliza taratibu, "Mjomba, hao wa Mombo uliwapitisha njia gani?" Nikamwambia ya mkato. Akacheka peke yake.

Kuhusu kazi. Mtaalamu hakuniomba radhi, ila alisema kazi ni yangu, na aliandika barua kwenda ofisini. Jibu likaja: mhudumu wa kudumu awe na cheti cha darasa la saba. Nikamtazama.

"Ni utaratibu, ndugu. Sina la kufanya."

Akaniachia themomita moja. Mhudumu akaletwa, kijana wa mjini mwenye cheti na anayeogopa kaa. Anawashika kwa koleo. Masika ya kwanza mwanzi ukaziba, hakujua kuuzibua, kaa wote wakafa au wakatoroka. Wakaja kunitafuta nyumbani. Nikawaambia niko zamu mferejini.

Nilirudi shambani kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyonilimia. Kabichi, karoti, baadaye plamu. Dada zangu walisoma, si kwa mshahara wa banda. Kwenye kipande changu miti ya kijitoni haikuguswa. Maji yakipita kwangu huwa na baridi kuliko yanapotoka juu, na hilo silisemi kwa kujisifu, nalipima.

Leo nina ekari tano, mbili zina mfereji. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, bati. Ng'ombe wa maziwa wanne. Miplamu arobaini. Pikipiki, anaiendesha mjukuu. Jembe la baba, mpini wa tatu. Themomita moja, kioo kizima. Ukingo wa kijito wenye miti pande zote mbili, na kaa chini yake, ambao jana wamenitobolea mfereji mahali pawili.