Kifuko Kilichoficha Mlango wa Nyongo

Nakumbuka siku moja ufukoni mwa ziwa, kule Mboko, mwanangu, nikiwa msichana. Mimi na yaya yangu Eliza, dada yangu mkubwa, tulikuwa tunapasua samaki, mikebuka, na mimi kisu kilikuwa kinaruka tu. Mama akanipiga kofi mkononi.

"Weye! Tafuta nyongo mbele ya kukata. Samaki haiko na haraka, ni weye uko nayo."

Nyongo ikipasuka, samaki mzima anakuwa mchungu, na watoto wanalala na ugali mtupu. Yaya alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Kile kicheko, nikisikie tena mara moja tu!

Tukazeeka. Yaya akashikwa na homa na maumivu chini ya mbavu, macho yakawa manjano, mkojo kama chai. Majirani wakasema amerogwa. Munganga, daktari wa hospitali ya hapa Baraka, akasema ni jiwe limeziba njia ya nyongo. Tukampeleka mji mkubwa, ambako wanapitisha mpira wenye kamera mdomoni, ushuke hadi pale nyongo inapomwagikia kwenye utumbo, watoe jiwe bila kupasua tumbo.

Munganga wa kule alitafuta sana, akatoka mikono mitupu. Akatuambia: kando ya mlango wa nyongo, utumbo umefanya kifuko. Wazee wengi wanacho, na peke yake si ugonjwa. Lakini mlango umejificha kwenye ukingo wake, na akisukuma kwa nguvu anaweza kutoboa utumbo. Yaya apewe dawa ya homa kwanza, halafu atajaribu tena pamoja na mwenzake mwenye uzoefu zaidi.

Zakaria, mtoto wa Yaya, akaanza kufunga mizigo. "Mama mudogo, ameshindwa. Turudishe mama Baraka, afie kwetu."

"Nani amekuambia ameshindwa? Amesimama kwanza, atajaribu tena. Fungua ile mizigo!"

Yaya akafumbua jicho. "Kumbe maisha yote niko na mufuko, na sikuweka hata kasamaki ka ndagala ndani!"

Mara ya pili waliuona mlango. Wakatanguliza ndani yake uzi mwembamba wa waya, polepole, ndipo jiwe likatoka. Yaya akarudi, tukapasua samaki pamoja misimu mingi, mpaka uzee wenyewe ukamchukua. Sasa nakaa na beseni peke yangu. Kila nikifikia nyongo nageuka kumwonyesha, na kigoda chake kiko kitupu.

Basi sikia, mwanangu. Mwenda pole hajikwai. Ukiona macho ya mzee wako yamekuwa manjano, usizunguke kwa waaguzi wa kienyeji, kimbia hospitali. Haraka yako iishie mlangoni pale. Munganga akisimama, usimwite mwoga. Muulize ameona nini, na mtarudi lini. Na usimbebe mgonjwa kumrudisha nyumbani kwa sababu wewe umechoka kungoja.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo wa subira. Na yule anayekucheka leo kando ya beseni, Mungu akuachie mpaka mzeeke wote wawili.