Kifaa cha Nyumba ya Pampu

Zaituni Khainza alifika Jinja mwezi wa Septemba mwaka 1987 akiwa na sanduku la bati, barua ya chuo kikuu na daftari jipya la mafunzo ya kiwandani. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea uhandisi wa elektroniki na kompyuta kule Kampala, msichana pekee katika darasa la watu ishirini na watatu. Kompyuta yenyewe chuoni ilikuwa moja. Wanafunzi waliigusa kwa zamu, nusu saa kwa juma, na umeme ukikatika katika zamu yako, basi, ngoja juma lijalo. Ndiyo maana alitamani sana hiyo miezi minne ya kiwandani, akaguse vitu vya kweli kwa mikono yake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kusokota nyuzi za pamba, karibu na mto. Vita vilikuwa vimekipitia kama nzige. Nusu ya mashine zilisimama kimya, vioo vya madirisha vilizibwa kwa maboksi, na nyaya za simu zilikuwa zimeng'olewa ukutani hadi ya mwisho. Meneja, Bwana Isabirye, Msoga mpole aliyekuwa akijaribu kufufua kiwanda kwa mikono mitupu, aliisoma barua yake, akamtazama, akasema, "Nenda karakana. Ouma atakuona."

Ouma alikuwa fundi mkuu wa umeme, Mkenya wa upande wa Kisumu, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikaa Jinja tangu ujana wake na hakukimbia hata wakati wa vita. Siku ya kwanza alimpa Khainza redio mbovu na kifurushi cha vifaa vilivyofumuliwa kutoka mashine zilizokufa. "Hapa hatununui kitu, binti," alimwambia. "Hapa tunafukua makaburi." Alikuwa na mtindo wake wa kufunga nyaya ndani ya mtambo: alizikusanya pamoja, akazizungushia uzi wa pamba uliotiwa nta, fundo moja kubwa na mawili madogo. Khainza alijaribu kumwiga, mafundo yake yakalegea. Ouma aliyafungua, akamrudishia uzi.

Walielewana. Kiswahili kiliwasaidia, maana wafanyakazi wengi pale walisema Kisoga, na Kiswahili hawakukipenda. Walikisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mtu mwenye bunduki. Khainza alikuwa Mgisu wa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ambako baba yake, Mzee Mutwalibu, aliuza chumvi na mafuta ya taa, na lugha ya majirani Waislamu. Hata hivyo alijua jinsi lugha hiyo inavyoweza kugeuka. Katika miaka ya vita askari walimtoa baba yake mdogo, Siraje, dukani kwake mchana kweupe. Khainza alisimama hatua tatu kutoka pale, ameshika kibaba cha sukari. Siraje hakurudi.

Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni kitu kimoja na kukiandikia ripoti. Khainza alichagua pampu. Maji ya kiwanda yalivutwa mtoni na pampu iliyokuwa mbali, chini ya mteremko, na kwa kuwa simu zilikuwa zimeibwa, pampu ikisimama hakuna aliyejua mpaka mashine zianze kupata moto. Alitengeneza kifaa kidogo cha kurusha mawimbi: pampu ikizimika, kifaa kinatoa mlio, na redio iliyowekwa karakana inaupokea. Ouma alikipenda. Alimtafutia transista ndogo, akakaa naye jioni kadhaa wakirekebisha koili.

Tatizo lilikuwa kwamba mlio ulifika karakana umefifia. Khainza alitaka kuongeza nguvu.

"Usiongeze," Ouma alisema. "Sogeza antena, inua waya. Ukiongeza nguvu, itasikika mahali ambapo hutaki isikike."

"Kidogo tu, fundi."

"Kidogo hiyo hiyo."

Siku tatu baadaye Ouma alikwenda mjini kutafuta mikanda ya mashine. Khainza alitoa ile transista ndogo, akaweka kubwa aliyoitoa katika mtambo wa zamani, akaongeza mizunguko ya koili. Mlio ulikuja wazi kama filimbi. Alifurahi, akaandika matokeo kwenye daftari, na Ouma aliporudi hakumwambia, akawa akikijaribu kila fundi alipotoka. Alitaka kumshangaza siku ya kuonyesha kazi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Desemba. Mpakani na Kenya kulikuwa na mvutano, risasi zilikuwa zimelia, na mjini watu walianza kuwatazama Wakenya kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja, wafanyakazi wakinywa chai, gari la askari liliingia. Walikwenda moja kwa moja nyumba ya pampu, kama waliokuwa wakifuata harufu, kisha wakaja karakana. Mkubwa wao alikiweka kile kifaa juu ya meza.

"Siku nne hii kitu nalia ndani ya redio yetu," alisema. "Ni ya nani?"

Isabirye alikuwa amekuja mbio, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mafundi wengine walitazama chini. Katika chumba kile, waliofuata kila neno walikuwa askari, Ouma na Khainza.

Ouma alikitazama kifaa. Khainza aliona macho yake yakitua juu ya ile transista kubwa, yakakaa pale kidogo, kisha yakamjia yeye. Hayakuwa na hasira. Yalimtazama tu.

"Ni ya karakana, afande," Ouma alisema. "Ni ya kutuambia maji imesimama."

"Nani nafunga hii?"

"Mimi ndiye mkuu wa karakana."

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Kisumu. Niko hapa miaka kumi na nane."

Askari walitazamana. Mkubwa alimgeukia Khainza. "Na wewe, binti?"

"Mwanafunzi, afande."

"Hii kitu wajua?"

Daftari lilikuwa kwapani mwake. Ndani yake mlikuwa na mchoro wote, kila waya na tarehe yake. Kulikuwa na njia rahisi sana ya kulimaliza jambo lile: kulifungua.

"Hapana, afande," Khainza alisema.

Walimchukua Ouma bila hata kumpiga, na hilo lilimfanya Khainza ajiambie kwamba atarudi jioni. Isabirye alimwuliza kwa Kiingereza walikuwa wakisema nini. Alimjibu kwamba wanauliza habari za redio fulani. Isabirye alitikisa kichwa, akasema nyakati ni mbaya.

Ouma alikaa ndani majuma saba. Habari zilifika kiwandani vipande vipande, kwamba ametolewa, kwamba amevushwa mpaka, kwamba sikio lake la kushoto halisikii tena. Kufikia wakati huo Khainza alikuwa amerudi chuoni. Isabirye alimtilia sahihi daftari, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kutia. Ripoti aliiandika kutokana na michoro yake, akasema kifaa "kiliharibika kabla ya majaribio ya mwisho". Alipata alama za juu kuliko wote darasani. Mzee Mutwalibu alichinja mbuzi, na kwa miaka mingi kila mteja wa chumvi pale Nakaloke alisikia habari za binti aliyewafanya maprofesa wakune vichwa.

Khainza hakuwahi kumkatiza. Alikuwa akitoka nje.

Alipohitimu alipata kazi ya kufundisha katika shule moja ya ufundi mjini Mbale, akapanga chumba Nabuyonga. Nchi ilianza kupata nafuu. Taa za barabarani ziliwaka tena mtaa mmoja mmoja, maduka yakapakwa rangi, na shule ikapewa kompyuta mbili zilizotumika. Watu walimwita Mwalimu, na wanaume wazima walimletea mitambo yao iliyokufa. Yeye alilala vizuri siku nyingi, na hilo pia lilimuudhi. Alidhani mtu aliyefanya alilofanya yeye hapaswi kulala.

Mwaka 1992 redio ya baba yake ilinyamaza. Mzee aliipeleka kwa fundi, ikapona, kisha mwezi uliofuata ikanyamaza tena, naye akampelekea bintiye. Khainza aliifungua mezani kwake. Nyaya zilikuwa zimekusanywa pamoja na kufungwa uzi wa pamba wenye nta, fundo moja kubwa na mawili madogo.

Alikaa nayo vile imefunguka mpaka chai ikapoa.

"Baba, hii redio ilitengenezwa na nani?" alimwuliza Jumamosi.

"Jamaa mmoja Mkenya, mtaa wa Namakwekwe pale Mbale, nyuma ya vyumba vya kupanga. Ukizungumza naye lazima ukae kulia kwake."

Juma zima alijiambia kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Kisha akaenda. Kibanda kilikuwa cha mabati, kina meza moja na rafu ya redio zilizowekewa karatasi za majina. Mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Huyo ndiye Eucabeth, mke wa Ouma.

"Karibu, mwalimu," Ouma alisema kabla Khainza hajajitambulisha. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi. "Nilisikia uko Mbale."

"Tangu lini, fundi?"

"Tangu nirudi huku. Miaka miwili sasa."

Miaka miwili, na mwendo wa robo saa tu kati yao. Khainza aliketi kulia kwake, kwenye kiti cha wateja, na maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoka yote kwa mara moja, bila mpango: transista, koili, daftari kwapani, ripoti, mbuzi. Eucabeth aliacha kupepeta.

"Nilijua ni wewe," Ouma alisema. "Niliiona ile transista."

"Kwa nini hukunitaja?"

Ouma alishika bisibisi, akaigeuzageuza. "Watu hapa wanafikiri nilikuokoa. Hata mke wangu nilimwambia hivyo, ilikuwa inasikika vizuri. Lakini si kweli, binti. Mimi sikutaja kwa sababu nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilisema moyoni, huyu atasema sasa hivi. Hata garini nilikuwa nageuka nyuma. Siku ya tatu ndipo nilianza kukutaja, na siku ya tatu hakuna aliyetaka kusikia."

Khainza alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa msamaha. Kwa hili hakuwa amejiandaa; machozi yakamtoka.

Eucabeth ndiye aliyesema. "Ameomba kazi pale kiwandani mara mbili tangu wapate mashine mpya. Mara mbili wanamwambia faili lake lina neno la mtambo wa siri. Sasa wewe umekuja kulia hapa. Machozi yako sisi tutayafanyia nini?"

"Mama Adero," Ouma alisema, akimtuliza kwa jina la binti yao.

"Wacha niseme. Kuna mtu ambaye hakusema, na tumeona ilivyokuwa."

Khainza alifuta uso. Alitoa kalamu mfukoni, akaomba karatasi. Ouma alimpa ukurasa wa kitabu chake cha wateja. Aliandika palepale, juu ya magoti yake, kwamba kifaa kile alikibuni yeye, alikifunga yeye, aliongeza nguvu yake kinyume cha maagizo ya fundi wake, na alisema uongo alipoulizwa. Alitia sahihi jina lake lote. Asubuhi yake alipiga nakala tatu kwa taipureta ya shule, akaambatisha kurasa za daftari la zamani zenye michoro na tarehe.

Nakala moja aliipeleka Jinja mwenyewe. Isabirye, ambaye sasa alivaa miwani, aliisoma mara mbili. "Kwa nini unafukua mambo haya, mwalimu? Nchi imetulia."

"Kwake haijatulia, bwana."

Isabirye alivua miwani. Kisha akasema, polepole, kwamba siku ile yeye naye angeweza kuuliza zaidi ya alivyouliza. Akaiweka barua katika faili, juu ya zile nyingine.

Nakala ya pili aliituma chuoni. Alingoja kwa miezi miwili akiwa amejiweka tayari kunyang'anywa shahada. Jibu lilikuwa mistari minne: barua yake imepokelewa, mafunzo yale yalikamilika kwa utaratibu, wanamtakia kazi njema. Mkuu wa shule alipopewa ya tatu alisema kila mtu alifanya mambo wakati ule, na kumkumbusha kwamba ratiba ya muhula ilikuwa bado haijabandikwa. Hakuna aliyetaka kumwadhibu. Alitembea na hatia yake kama mtu aliyebeba mzigo kwenye ofisi ya posta akaambiwa anwani haipo.

Ni Mzee Mutwalibu tu aliyeshtuka. Khainza alimsimulia dukani, baada ya sala ya adhuhuri. Mzee alisikiliza akipanga vipande vya sabuni. Binti alipomaliza, mzee alikaa chini juu ya gunia.

"Ulikuwa unamwogopa yule aliyemchukua Siraje," alisema.

"Nilimwogopa, baba. Lakini hakuwa huyo. Huyu aliuliza swali tu."

Mzee hakumlaumu. Lakini tangu siku ile hakusimulia tena habari za maprofesa, na wateja walipomwuliza alisema binti ni mzima, anafundisha.

Ouma aliitwa kiwandani mwaka uliofuata, kwanza kwa miezi mitatu, kisha moja kwa moja. Eucabeth alibaki Namakwekwe na kibanda, maana naye alikuwa amejifunza kutengeneza pasi na redio ndogo. Akikutana na Khainza sokoni humsalimu, huuliza habari za mzee, na kupita.

Ouma akija Mbale mwisho wa mwezi, mara mojamoja hupita Nabuyonga kumwona mwalimu. Hunywa chai, huuliza wanafunzi wangapi wanakwenda kiwandani mwaka huu, hueleza mashine mpya zinavyosumbua. Lile jambo la Desemba hajaligusa tena. Khainza angependa waliguse. Kila mara humsindikiza hadi barabarani, husimama naye mpaka apate gari, na kila mara Ouma huagana naye akizungumzia mvua.