Mkate Uliosikika

Mke wangu alipotezewa pua na mafua. Pua yenyewe ilibaki palepale usoni, nzuri kama siku nilipomposa, lakini harufu zilikwenda na hazikurudi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, majira ya baridi, ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukishuka mpaka mlangoni kwetu Karatu. Alilala wiki mbili. Alipoinuka alinusa kahawa, akanusa kitunguu, akanusa hata mafuta ya taa, kisha akaniambia, "Baba, sisikii kitu."

Kwake huo ulikuwa msiba, maana alikuwa mwokaji wa mikate. Alioka kwenye sufuria nzito, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mfuniko wa namna hiyo haufunuliwi ovyo. Ukichungulia, joto linatoka na majivu yanaingia. Mwokaji anategemea pua. Zamani alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia maharage, mara anatupa jembe na kukimbia jikoni, mkate umeiva. Baada ya yale mafua aliunguza mikate mitatu mfululizo, na wa nne akautoa mbichi. Akaisugua sufuria, akaiweka juu ya kabati, akasema ataoka siku pua ikirudi.

Ningenyamaza, lakini sherehe ya kipaimara ya binti yetu ilikuwa inakaribia, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kansay. Yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kuoka, ujuzi alioupata akipika katika mashamba ya walowezi. Mke wangu hakuwa amemwambia lolote. Alikuwa anaona aibu, na aibu yake ilikuwa inanichoma mimi.

Mimi nilikuwa fundi redio. Nilikuja kutoka Singida kuchuma kahawa, nikaishia kushika chuma cha kulehemu, na sikuwa fundi mnyenyekevu. Mganga hajigangi: redio ya nyumbani kwangu ilikoroma mwaka mzima. Lakini kuhusu mkate nilijiapiza kumtengenezea mke wangu kitu.

Saa ya ukutani tulikuwa nayo, ila mke wangu hakuwa mtu wa kukaa ndani akiitazama. Alihitaji kitu cha kushika mkononi, kitakachokwenda naye shambani na kumpigia kelele. Basi dereva mmoja wa watalii akaniletea redio ya kutengeneza, na badala ya malipo akanipa saa ya mkononi ya namba, isiyo na mishale, aliyopewa na mgeni wake, mkanda umekatika. Ilikuwa na kengele ndani, sauti yake nyembamba kama ya mbu.

Niliifungua mezani kwangu. Kazi ya kwanza ilikuwa sauti, nikaiunganisha na kispika cha redio iliyokufa. Kazi ya pili ilikuwa umbo. Nilichonga kiboksi cha mti, nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, nikampelekea kwa majivuno. Alikishika kwa mikono yenye unga, kikateleza, kikaanguka. "Fundi," aliniita hivyo akitaka kunitania, "umetengeneza hiki kwa mpishi au kwa karani?" Nilikasirika nikarudi kazini bila kunywa chai. Njiani nikaona amesema kweli.

Cha pili nilikitengeneza kwa kikopo cha plastiki cha kuwekea sabuni, chenye mbavu pembeni ambazo vidole vinashika. Juu ya vibonyezo vidogo vya saa nikaweka vifungo vya koti langu la zamani, ili avibonyeze hata kwa kidole chenye unga. Betri mbili za tochi, na kamba ya kuvaa shingoni. Nilimfundisha kutega kengele, akatega mara tatu mbele yangu bila kukosea. Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Asubuhi hiyo aliishusha sufuria kutoka juu ya kabati, akaweka mkate motoni saa mbili na nusu, akatega kengele ya saa tatu, akaenda kwenye maharage yake. Kengele haikulia. Alipoona moshi, mkate ulikuwa mkaa mtupu. Nilirudi mchana nikamkuta amenuna, nami nikanuna zaidi, nikatafuta waya uliokatika na sikuuona. Tulikula viazi. Saa tisa kamili kile kikopo kikapiga kelele juu ya kabati, kuku wakakimbia.

Mke wangu alikitazama, akasema taratibu, "Mkate umeiva."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaona haya. Saa ile ya dereva ilipangwa kwa saa za Kizungu. Saa ya ukutani haina ugomvi huo. Mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, kila mtu wa kwetu anasema saa tatu wala hafikirii. Lakini hii ilikuwa na namba tupu. Mke wangu alitaka saa tatu, akaandika tatu, na kikopo kikamtii, kikasubiri tatu ya Wazungu. Kosa lilikuwa langu, na nilimwambia hivyo, jambo ambalo halikuwa desturi yangu.

Niliipanga upya ianze siku kunapokucha. Saa moja asubuhi ikasoma moja. Tarehe nayo ikawa inabadilika alfajiri badala ya usiku wa manane, na hilo alilipenda. Aliuliza kwa nini siku mpya ianze watu wamelala. Kesho yake aliiweka tena sufuria motoni. Mkate ulitoka wa rangi ya kahawia, na wiki ile alioka kila siku, mpaka watoto wakaomba ugali.

Mama mkwe alifika siku moja kabla ya sherehe. Mkwe haingii jikoni alipo mama mkwe, kwa hiyo nilikaa nje chini ya dirisha, nikijifanya nanoa panga. Walikuwa wanamenya viazi, sufuria iko motoni. Mara nikamsikia mama anavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu," akasema, "husikii mkate?"

Panga lilisimama mkononi mwangu. Ndipo kikopo kikalia shingoni mwa mke wangu.

"Nausikia, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia. Nikasikia makaa yanaondolewa, mfuniko unafunuliwa.

"Na hicho kinacholia ni nini?"

"Ni pua yangu, mama. Ya kwanza iliniacha tangu mafua. Hii nimetengenezewa na mume wangu."

Mama mkwe hakumlaumu wala hakumpa pole. Aliomba akione. Nilichungulia dirishani, heshima nikaiweka kando kidogo, nikamwona anakigeuzageuza, anabonyeza vifungo vya koti langu, kisha anakipeleka puani.

"Kinanuka sabuni," akasema.

"Kweli?" mke wangu akauliza. Alikivaa miezi miwili asijue. Akacheka, akaniita dirishani kwa sauti, akaniuliza ni sabuni gani.